Choa kinachorudi: Pima kabla ya kununua krimu ya nne

Dereva wa lori aliyefika Namanga au Malaba mwaka 2020 hajaisahau PCR. Ni kile kipimo cha kijiti puani, ambacho majibu yake yaliamua nani apite na nani alale foleni. Wengi hawajui kwamba teknolojia hiyohiyo inaweza kumaliza ubishi wa choa kisichopona.

Safari ndefu, jasho, nguo za kubana na taulo za kuchangia hulea fangasi wa ngozi. Muwasho ukianza, mtu huingia duka la dawa na kutoka na krimu. Baadhi ya krimu hizo huchanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama klobetasoli. Siku chache muwasho unatulia, wekundu unapungua, na mteja anaisifia. Kumbe steroidi imetuliza kinga ya ngozi tu, na fangasi wanaendelea kusambaa. Duara la choa linapoteza umbo lake, hata mganga anaweza kudhani ni pumu ya ngozi na kuongeza steroidi nyingine.

Maabara ina njia tatu za kupata ukweli. Ya kwanza ni kukwangua magamba ukingoni mwa doa, kuyatilia potasiamu haidroksidi na kuyatazama kwa darubini. Majibu hupatikana siku hiyohiyo. Yanaonyesha kama fangasi wapo, lakini si wa aina gani. Ya pili ni kuwaotesha, kazi ya wiki 2 hadi 4, na mgonjwa aliyekwisha kupaka dawa huweza kukuta hakijaota kitu.

Ya tatu ni PCR. Mashine hupasha na kupoza sampuli, na kila mzunguko kipande cha DNA kinachotafutwa huongezeka maradufu. Fikiria mtaji wa shilingi moja unaozaa mara mbili kila zamu: baada ya zamu 30 umepita bilioni moja. Ndivyo chembe chache za fangasi zinavyoonekana, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili.

Kwa nini aina ya fangasi ni muhimu? Tazama India. Huko choa sugu kimeenea sana katika miaka ya karibuni, na wataalamu wanalaumu, pamoja na mengine, krimu za mchanganyiko zinazouzwa kiholela. Fangasi wake, Trichophyton indotineae, alipewa jina mwaka 2020. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, mjini New York, na mmoja wao hakuwa amesafiri nje ya nchi. Kwa darubini, hata akioteshwa, anafanana na ndugu zake. DNA ndiyo inayomtambulisha. Mara nyingi badiliko dogo katika jeni yake huifanya terbinafini, dawa inayotegemewa sana, ishindwe kazi. Fangasi hagongi muhuri mpakani, na njia ya biashara kati ya India na Afrika Mashariki ni ya kila siku.

PCR ina mipaka yake. Ni ghali, haipo katika kila zahanati, na inaweza kuonyesha DNA ya fangasi waliokwisha kufa. Kwa hiyo anza na darubini. Ukimaliza dozi kamili na choa kikarudi, mwombe daktari wa ngozi akueleze sampuli inaweza kupelekwa wapi kwa PCR. Mtajie kila krimu uliyopaka, hata ya kung'arisha ngozi, kwa kuwa nazo huweza kuwa na steroidi.

Na wewe unayebeba krimu kwenye mzigo, soma boksi kabla ya kuuza. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hiyo si dawa ya kumpa mteja kwa kukisia. Faida ya boksi moja haifidii ngozi ya mteja wala jina lako sokoni.