Kununua Mche kwa Kikundi cha Hiari: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kupanda

Mnunuzi wa kilo ya sukari huweza kutambua ubora wake siku hiyohiyo. Mnunuzi wa mche wa parachichi hana nafasi hiyo. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu hadi minne. Mche ulioachwa kukua kutokana na kokwa, bila kubebeshwa, huchukua muda mrefu zaidi, na matunda yake huenda yasifanane na ya mti uliotoa kokwa hiyo. Aliyeuziwa mmoja kwa jina la mwingine hupoteza bei ya mche pamoja na misimu kadhaa ya shamba lake.

Suala hili lina uzito wa pekee wilayani Rungwe, ambako mvua nyingi na udongo wa volkano hustawisha chai, kahawa, ndizi, viazi na parachichi. Mjini Tukuyu na vijijini, miche haipatikani kwa wafanyabiashara pekee. Hupatikana pia kwa vikundi vya hiari vya wapenda mimea, ambavyo wanachama wake hubadilishana mbegu, vikonyo, machipukizi ya migomba na maua ya bustani.

Thamani ya vikundi hivi

Kikundi cha hiari hutunza aina ambazo duka haliziweki kwa kuwa hazina wanunuzi wengi. Hufundisha kubebesha bila ada kubwa, na wanachama wake hujua mti uliotoa kikonyo. Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kazi hiyo inavyoweza kufika mbali. Mwaka 1909, wapenzi wa mimea na wanyama waliunda jumuiya ya historia ya viumbe mjini Nairobi. Mikusanyo yao ilizaa jumba la makumbusho mwaka 1910, ambalo ndilo chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Vinakoelemewa

Kazi ya kikundi mara nyingi huangukia watu wawili au watatu wasiolipwa. Viriba, udongo na usafiri hugharimiwa kwa michango isiyotosha. Kumbukumbu hubaki kichwani mwa mtu mmoja, na fedha hupitia simu ya mtu mmoja. Mtu huyo akihama au akifariki, hakuna awezaye kusema mche upi ulitoka kwa mti upi. Bei ya parachichi inapopanda, kikundi hushawishika kuuza haraka miche ambayo asili yake haikuandikwa. Hivyo mnunuzi anaweza kupata hasara bila mtu yeyote kukusudia kumdanganya.

Hata hivyo, kujitolea hakumwondolei muuzaji wajibu wa kusema kweli. Uzalishaji wa mbegu na miche kwa ajili ya kuuza unasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, kupitia Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Kabla hujalipa

Tunakushauri uzingatie yafuatayo:

1. Uliza mti mama uko wapi na, ikiwezekana, uuone ukiwa na matunda.
2. Kagua shina. Mche uliobebeshwa huwa na kovu mahali kikonyo kilipounganishwa. Chipukizi linaloota chini ya kovu si la aina uliyonunua, liondolewe.
3. Dai lebo yenye jina la aina na tarehe ya kubebeshwa.
4. Dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, inayotaja aina, idadi na bei.
5. Usipokee machipukizi ya migomba bila kujua afya ya shamba yalikotoka, hata kama ni ya bure. Mnyauko wa bakteria, ulioathiri vibaya migomba mkoani Kagera, husambazwa na machipukizi yenye ugonjwa na visu visivyosafishwa.
6. Usinunue orkidi zilizochimbwa porini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, jirani na Rungwe, ilitangazwa mwaka 2005 na inasifika kwa maua hayo, ilhali viazi vyake huchimbwa kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Mmea ukichimbwa pamoja na kiazi chake, hauchipui tena msimu unaofuata.

Ukiwa mwanachama

Unayo haki ya kuona katiba ya kikundi na kusomewa mapato na matumizi mkutanoni. Pendekeza fedha ziwe na watia saini zaidi ya mmoja, na daftari la miche liwe na nakala kwa mwanachama wa pili. Daftari hilo liandikwe aina, mti mama, tarehe, aliyebebesha na aliyenunua. Gharama yake ni ndogo, nalo humwezesha mrithi wa kazi kuendelea pale mtangulizi wake alipoishia.

Ukipata hasara

Tunza lebo, risiti na picha za mche tangu siku ya kuununua mpaka utakapozaa. Malalamiko yaanze kwa uongozi wa kikundi, kwa maandishi. Yasipotatuliwa, mwone afisa kilimo wa kata yako, kisha TOSCI. Bila lebo na risiti, baada ya miaka minne itakuwa vigumu kuthibitisha uliuziwa nini na nani.