Muheza Yatutosha

Vijana wawili wa mtaani kwetu Ngamiani wamenijia na jambo lao: wanataka Tanga nayo ipate maonyesho ya treni za mfano, na mimi fundi seremala niwatengenezee meza.

"Babu, treni itoke Tanga ifike mpaka Moshi."

Nikawaambia tupige hesabu kwanza. Tanga mpaka Moshi ni kilomita 352. Kipimo kinachopendwa sana na wenye mchezo huu ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho meza yenyewe ingezidi kilomita 4, itoke ukumbini iende zake Raskazone! Wajerumani wenyewe walianza kujenga reli hiyo 1893, Muheza wakafika 1896, kampuni ikafilisika, serikali yao ikabeba mzigo, na Moshi wakaiona 1911. Sisi Muheza yatutosha: stesheni moja, njia ya kupishania, na mabehewa yaliyosheheni robota za mkonge. Robota ni vipande vya mti vya ukubwa wa sentimita moja hivi, nitavivingirisha nyuzi za mkonge wenyewe.

Ugumu uko kwenye reli. Seti za kawaida za kipimo hicho zina reli zilizoachana milimita 16.5, kwa kuwa zinaiga njia pana za Ulaya. Yetu ni ya mita moja. Gawa kwa 87, unapata milimita 11 na nusu. Kwa hiyo inayotufaa ni ile ya milimita 12. Ukiweka ile pana, mzee yeyote aliyefanya kazi reli atakucheka kabla hajafika mezani.

Umeme haunitishi. Injini nyingi za aina hii hutumia volti 12, na betri ya pikipiki inazitoa. Geuza nyaya mbili, treni inarudi nyuma. Fyuzi lakini isikosekane: behewa likiacha njia na magurudumu ya chuma yakagusa reli zote mbili vibaya, bila fyuzi waya utaungua. Na hewa yetu ya chumvi inachafua reli, kwa hiyo kila asubuhi mtu azipanguse kwa kitambaa na spiriti.

Meza isizidi kifua cha mtoto wa darasa la tatu. Mbele yake tutafunga kamba, hatua moja kutoka ukingoni, maana vidole vitataka kushika. Kiingilio watu wazima walipe kidogo, watoto bure, na wastaafu wa reli tuwape viti kando ya meza. Maswali ya watoto nitawaachia wao.