Kila Rika na Uwanja Wake

Wahenga walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Neno hilo ni la kweli, lakini wengi wetu twalitumia kumfungia mtu mlango. Mwanamume akivuka arubaini, au mwanamke akishaoza binti, akionekana anapiga mazoezi huambiwa, “Wewe ni mtu mzima, jiheshimu.” Leo, msomaji mpenzi, natutazame mchezo mmoja ambao mlango wake haufungwi kwa umri.

Mchezo wenyewe ni taekwondo, uliotoka Korea. Wengi waujua kwa sura yake ya kupigana, ambayo ndiyo waliyoicheza Wakenya katika Olimpiki: Dickson Wamwiri na Mildred Alango mjini Beijing mwaka 2008, na Faith Ogallo mjini Tokyo mwaka 2021. Lakini una sura ya pili, iitwayo pumse. Hapa mchezaji husimama peke yake uwanjani, akapiga ngumi, mateke na kinga kwa mpango uliokwisha kuwekwa, kana kwamba amezungukwa na maadui wasioonekana. Hagusi mtu wala haguswi.

Nilipokuwa Leparua, katika kaunti ya Isiolo, mahali pa wafugaji panapopakana na hifadhi ya Lewa, niliwasimulia wazee habari hii chini ya mti. Mmoja wao, Mmaasai, hakupendezwa. Kwao, alisema, morani akishatoka katika umorani huwaachia vijana mambo ya vijana, akawa mzee wa baraza. Akirudi kushindana nao ameivunja heshima yake na yao. “Huyo mtu wako,” akaniuliza, “ashindana na nani?”

Naam, swali hilo ndilo kiini cha maneno yote. Nikamjibu: ashindana na rika lake. Mashindano ya dunia ya pumse yalianza Seoul mwaka 2006, na mwaka 2009 yalifanywa Afrika, mjini Cairo. Humo washindani hupangwa kwa umri: wa miaka 31 hadi 40 mbali, wa 41 hadi 50 mbali, wa 51 hadi 60 mbali, na hata waliovuka 65 wana uwanja wao. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, wanawake hushindana na wanawake, wanaume na wanaume. Mzee akacheka, akasema, “Kumbe Wakorea nao wana rika!”

Na hukumu yake je? Alama zote ni 10. Usahihi una 4. Uonyeshaji una 6, yaani kasi na nguvu 2, mwendo na mapigo 2, na ile nguvu ya ndani 2. Kosa dogo hukatwa 0.1, kubwa 0.3. Sisi tuliopita vyuoni hukumu ya namna hii si ngeni kwetu. Sura moja mtoto wa miaka saba aijua na shekhe aijua, na maneno hayakuzidi wala hayakupungua. Lakini makhraji, wakfu na utulivu haviji kwa siku moja. Silinganishi Kitabu na mchezo, hasha! Nasema tu kwamba iko elimu ambayo umri huiongeza.

Hata hivyo mwili haudanganyiki. Katika mpango uitwao Keumgang mchezaji husimama kwa mguu mmoja kama korongo; katika Koryo hupiga teke la ubavu chini, na kabla mguu haujatua hupiga tena juu. Goti la miaka hamsini hulipa teke hilo kwa maumivu. Basi mchezaji wa makamo hashindi kwa kupenda tu: hurudia hatua moja mara nyingi, hupasha viungo moto taratibu, na huijua siku ya kupumzika. Cheo nacho chataka subira. Kukkiwon, makao ya mchezo huu yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, huweka mwaka mmoja kati ya dani ya kwanza na ya pili, na miaka 9 kati ya dani ya nane na ya tisa. Hakuna kijana awezaye kuinunua miaka hiyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa mchezo huu, popote walipo Pwani, wawatengee watu wazima saa yao, wanawake mbali na wanaume mbali. Na wana wetu waache kucheka. Utu uzima dawa, walisema wazee. Na mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, nayo amana haitupwi kwa kuwa imekongoka.