Picha ya ndege: namna ya kuondoa vitu vinavyosumbua nyuma, na wakati gani inafaa kuviacha

Uko kando ya Ziwa Kivu, asubuhi mapema. Yule ndege mweupe na mweusi anayevua samaki anatua juu ya kijiti. Unapiga picha. Kufika nyumbani unaifungua: ndege anaonekana vizuri kabisa, lakini nyuma yake kuko bido ya njano, na waya ya umeme inapita karibu na kichwa. Mutu akiangalia, macho inaenda kwanza kwa bido. Watu wengi wanafuta picha ya namna ile. Ndugu musikilizaji, usiharakishe kuifuta.

Mbele ya kupiga

Kazi ya kwanza haiombe mashini. Sogea hatua moja kushoto ao kuume, ao chuchumaa: mara mingi bido inatoka yenyewe. Tena, kadiri vitu vya nyuma viko mbali na ndege, ndivyo vinakuwa kama ukungu. Kama uko na kamera yenye lensi kubwa, weka namba ndogo ya f, kama vile f/4 ao f/5.6, ule ukungu utaongezeka.

Mbele ya kufuta: kata, fifisha

Kama kitu kiko pembeni, kata tu ile pembe ya picha. Kama ni doa yenye kung'aa, punguza mwangaza wake fasi ile. Jicho la mutu linakimbilia mwangaza na rangi kali. Ukizififisha, mara mingi inatosha.

Kufuta, pole pole

Kwa telefone, Snapseed iko na chombo chenye alama ya plasta ya kidonda. Kwa ordinatere, GIMP ni ya bure, na ukiisha kuiweka inatumika bila intaneti, haikule mega. Fuata hivi:

1. Fanya kopi. Ile picha ya kwanza usiiguse hata kidogo.
2. Kuza picha mpaka uone vizuri mahali kitu kinaanzia na kinaishia.
3. Kamata chombo cha plasta. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko kitu unachotaka kuondoa. Katika GIMP, shika Ctrl na bonyeza fasi safi ya karibu. Kisha pita juu ya waya kipande kwa kipande, usiivute yote mara moja.
4. Ukifika karibu na manyoya, acha plasta. Ile inachanganya rangi za pembeni, na rangi ya ndege itatapakaa kama wino juu ya karatasi yenye maji. Tumia chombo cha kunakili, ambacho kinahamisha kipande safi vile kilivyo.
5. Rudisha picha kwa ukubwa wake wa kawaida. Ukiona wingu moja ao jani moja limejirudia mara tatu, rudi nyuma, chagua fasi ingine ya kunakilia.

Kijiti kinachopita mbele ya mudomo ao jicho ni jambo lingine. Pale hauondoe kitu cha nyuma. Unabuni sehemu ya ndege ambayo kamera haikuiona. Programu za akili bandia zitakujazia mudomo muzuri sana, lakini pengine si wa ndege yule. Afazali kupiga picha ingine.

Wakati wa kuviacha

Picha ya kutundika ukutani, safisha vile unapenda. Picha ya habari haiguswe hivyo. Mwaka wa 2010, shindano la World Press Photo liliondoa picha moja iliyokuwa imepata zawadi, juu mupigaji alifuta sehemu ndogo ya muguu wa mutu aliyekuwa nyuma.

Picha ya kuonyesha kwamba ndege fulani ameonekana fasi fulani, nayo ni vilevile. Muti wa nyuma unaonyesha ni pori ya namna gani. Pete kwenye muguu inaonyesha kama watafiti walishamushika. Tausi wa Kongo alijulikana kwa watu wa sayansi kupitia unyoya mumoja tu, ambao James Chapin aliupata katika Ituri mwaka wa 1913, kwenye kofia. Ilimuomba kungoja mpaka 1936 ndipo ajue ndege mwenyewe ni nani. Kitu kidogo kinaweza kubeba habari yote.

Basi, chunga picha ya kwanza siku zote. Na ukimutumia mutu ile uliyosafisha, andika chini: "Waya imefutwa." Maneno mbili tu, na siku utakuja kusema umeona ndege ambaye hajaonekana kwetu, watu watakuamini.