Kabla ya kuchapisha stika ya QR, jua imetengenezwa na nini

Hebu tuanze na mteja wetu mmoja mwenye mkahawa. Alitaka wateja wake waskani QR mezani na kufika moja kwa moja kwenye linki yake ya malipo. Akaingia kwenye tovuti fulani ya bure, akabandika linki, akapata QR, akachapisha stika za meza zote. Wiki chache baadaye wateja wakaanza kulalamika: ukiskani, unaletewa tangazo la kulipia huduma. Akatupigia simu akidhani mtambo wetu umeanguka.

Kumbe shida haikuwa linki. Ile QR haikubeba linki yake hata kidogo. Ilibeba anwani ya tovuti iliyoitengeneza, ambayo nayo ndiyo ilimpeleka mteja kwetu. Muda wa bure ulipoisha, mlango ukafungwa. Na fikiria hili pia: aliye katikati anaweza kubadilisha mahali pesa zinakoelekea, na wewe usijue.

Njia salama zaidi ni ipi?

Tengeneza QR kwenye kompyuta yako mwenyewe, au mwombe developa wako akutengenezee, kwa kutumia laibrari huria. Laibrari ni maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa tayari. Huria maana yake yeyote anaweza kuyasoma na kuyatumia bila malipo, mradi afuate leseni. QR inayotoka hapo hubeba linki yako yenyewe, na mchoro wenyewe hauishi muda.

Tumeangalia nne ambazo developa hutuuliza mara kwa mara.

ZXing. Imeandikwa kwa Java, leseni ya Apache 2.0. Faida yake kubwa ni kwamba inatengeneza QR na pia inasoma. Kama unaunda apu ya Android ya kuskani, anzia hapa. Ila siku hizi iko kwenye hali ya matengenezo tu, kwa hivyo usitarajie mambo mengi mapya.

libqrencode. Ya lugha ya C, leseni ya LGPL. Haisomi, inatengeneza tu, lakini ni nyepesi na ina amri ya qrencode unayoweza kuandika moja kwa moja kwenye Linux.

Segno. Ya Python, leseni ya BSD. Inatoa SVG, PNG na PDF bila kuhitaji laibrari nyingine. Angalia mtego mmoja: ukitumia make na maandishi ni mafupi, inaweza kukupa Micro QR, ambayo simu nyingi haziskani. Tumia make_qr.

Laibrari ya Nayuki. Leseni ya MIT, na iko katika Java, TypeScript, Python, Rust, C++ na C. Kodi yake ni safi na rahisi kusoma, ila kazi ya kuchora picha kwa sehemu kubwa unabaki nayo wewe.

Usiwe na wasiwasi kwamba ukichagua moja simu za wateja zitakataa. Zote zinafuata kanuni moja ya QR, teknolojia iliyoanzia Japani mwaka 1994 kwenye kampuni ya Denso.

Mahali watu wengi hukosea

QR ina viwango vinne vya kujirekebisha ikichafuka au kukwaruzika: L huokoa takriban asilimia 7 ya data, M 15, Q 25 na H 30. Sasa, ZXing na libqrencode ukiziacha zilivyo hutumia L. Kwenye skrini hiyo ni sawa. Kwenye stika ya kibanda yenye vumbi, mafuta ya chapati na jua la mchana, ni kujitafutia kesi. Tunashauri M au Q. Kwa Segno ni mstari mmoja tu:

segno.make_qr("linki yako", error="q").save("duka.svg")

Kiwango kikipanda, vijiraba huongezeka, kwa hivyo weka linki fupi. Chapisha kutoka SVG ili picha isififie ikikuzwa. Na acha nafasi nyeupe pande zote, upana wa vijiraba vinne. Fundi wa stika akikata hapo kubana karatasi, simu zitahangaika.

Kabla ya kuchapisha stika mia

Chapisha moja kwanza. Iskani kwa simu tatu tofauti, ikiwemo ile ya bei nafuu yenye kamera hafifu. Soma anwani inayotokea: ni yetu, au kuna mtu katikati? Kisha lipa shilingi 10 na uhakikishe jina la biashara yako ndilo linaonekana.

Laibrari nzuri haiwezi kumzuia mtu kubandika stika yake juu ya yako usiku. Kwa hivyo kila asubuhi ukifungua duka, pitisha kidole juu ya stika, kisha uiskani. Sekunde tano tu, na pesa za siku zinaingia kwako.