Simu Inauliza: Umelalaje?

Kila jioni simu iliuliza maswali yale yale. Hisia zako leo ziko wapi, kuanzia -3 hadi +3? Umelala saa ngapi? Dawa umemeza? Pombe je? Waliojibu walikuwa wagonjwa wa baipola nchini Denmark, katika utafiti uitwao MONARCA. Upande wa pili alikuwepo muuguzi wa kuyapitia majibu na kumtafuta mgonjwa ambaye mambo yake yameanza kwenda kombo.

Baipola humpandisha mtu na kumshusha. Akipanda halali na wala hachoki, mipango imejaa kichwani, fedha hazikai mfukoni. Akishuka huzama kwenye sonona, hata kuoga ikawa kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019. Dawa, lithiamu ikiwemo, ndiyo nguzo ya tiba. Tatizo ni kwamba hali hugeuka kwa dalili ndogondogo, hasa usingizi, na anayepanda ni wa mwisho kuziona, maana hujisikia mzima kuliko wote nyumbani. Hapo ndipo simu ilipotegemewa.

Matokeo ya MONARCA ya mwaka 2015 hayakuwa ya kushangilia. Wagonjwa 78 walifuatiliwa kwa miezi 6, baadhi wakitumia programu ya maswali hayo ya kila siku, wengine wakipewa simu bila programu hiyo. Dalili za kupanda na za kushuka hazikutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya makundi hayo. Tena waliojipima kila siku walielekea kubaki na sonona kwa muda mrefu zaidi. Pengine si ajabu: mtu aliye chini akiulizwa kila siku yuko chini kiasi gani, swali lenyewe humkumbusha. Utafiti wa pili, wa wagonjwa 129 kwa miezi 9, nao haukupunguza dalili, ingawa waliotumia programu walisema maisha yao yalikuwa bora na msongo ulipungua. Si haba, ila si tiba.

Huko Chicago, watafiti wa programu ya BiAffect waliamua kutouliza sana. Kibodi yao huangalia kasi ya kuandika na mara ngapi mtu anafuta, bila kujali anaandika nini.

Hizo ni kazi za wataalamu. Programu zinazopakuliwa na yeyote ni habari nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichambua programu 82 za baipola: asilimia 22 tu ndizo zilizokuwa na sera ya faragha. Moja ilidai ugonjwa huu unaweza kumhamia ndugu anayekaa nawe mno. Nyingine ilimshauri aliyepanda anywe pombe kali kabla ya kulala, ilhali pombe huvuruga usingizi, ambao ndio dalili ya kwanza ya kuangaliwa, na haipatani na dawa nyingi anazomeza.