ULIZA KWANZA, NUNUA BAADAYE: Utafiti wa biashara kwa familia zetu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunataka kuzungumza nanyi juu ya pesa. Si pesa za msaada, ni zile chache familia inazokusanya yenyewe kwa likelemba, kwa kulima shamba la mtu, au zile ndugu aliye ng'ambo anazotuma mara moja kwa mwaka. Pesa hizo zikipotea hazirudi haraka, na mtoto anakaa bila kaye wala uniforme.

Watu wengi wanaanza biashara kwa kumwangalia jirani. Jirani anauza ndagala, na mimi nauza ndagala. Baada ya mwezi mmoja wote wawili wanalalamika. Dawa yake ni utafiti wa biashara. Jina ni kubwa lakini kazi yenyewe kila mama anaiweza: kuuliza, kuhesabu na kuandika kabla ya kutoa faranga hata moja.

KWA NINI TUULIZE?

Kwa sababu soko linabadilika. Tuchukue Bujumbura, mji ambao wengi wetu tunatoa bidhaa zetu. Soko kuu la katikati ya mji liliungua Jumapili tarehe 27 Januari 2013. Siku moja tu wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao yote. Wanunuzi walitawanyika kwenye masoko mengine, kama vile Ruvumera kule Buyenzi, Kamenge, Kinama na Kanyosha. Aliyejua wateja wamekwenda wapi aliweza kuanza tena. Aliyekaa kuwangoja mahali pa zamani alingoja bure.

Halafu mwezi wa 3 mwaka 2022 serikali ilikataza pikipiki, baiskeli na tuk-tuk kuingia katikati ya mji. Mtu aliyekuwa akipeleka mzigo wake kwa baiskeli alilazimika kupiga hesabu upya. Mwaka 2024 petroli ilikosekana miezi mingi na nauli ikapanda. Basi hesabu ya mwaka jana usiitumie mwaka huu, nenda ukaulize tena.

WAMAMA WANANE NA MFUKO WA NDAGALA

Katika darasa letu la watu wazima kuna wamama 8 wenye likelemba. Kila mmoja alitoa 30.000, jumla faranga 240.000. Walitaka kununua mfuko wa ndagala Bujumbura na kuuuza kambini. Tulipowaomba wafanye utafiti kwanza, mama mmoja alikasirika kabisa. Alisema: "Ninyi walimu munatuchelewesha. Watoto watakula kaye?" Hakuwa na kosa. Pesa zile zilikuwa zimebeba pia uniforme za Septemba. Lakini wenzake walimwomba avumilie wiki mbili, akakubali.

Kwanza tuliandika swali moja tu juu ya ubao: "Tukileta ndagala, tutapata faida ya kutosha kurudisha pesa kabla ya Septemba?" Utafiti usio na swali ni kutembea sokoni tu.

Pili tuligawana kazi. Wamama wawili wakae kwenye soko la kambi siku tatu, asubuhi na jioni. Wengine wanne watembelee familia 30, si marafiki tu, bali nyumba moja kila baada ya nyumba tano, ili wasikie hata watu wasiowajua. Wawili waliobaki waende Bujumbura pamoja na sisi, wakiwa na hati ya kutoka kambini. Tulitenga pia pesa ya utafiti, nauli ya safari hiyo moja, na tukakubaliana kutozidisha.

NAMNA YA KUULIZA

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Usimwulize jirani: "Nikileta ndagala utanunua?" Jirani ni mtu wa heshima, atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Uliza mambo yaliyokwisha kufanyika:

1. Wiki iliyopita mulinunua nini?
2. Mulinunua wapi, na kwa bei gani?
3. Mulilipa papo hapo au kwa deni?
4. Ni kitu gani munakitafuta hapa mpaka munakwenda mbali kukipata?
5. Siku gani mnakuwa na pesa, na siku gani hamna?

Ukifika na kaye na biki, watu watafikiri wewe ni wa HCR, au unaandika majina kwa ajili ya msaada. Wengine wataongeza idadi ya watoto. Sema mapema: "Sisi ni wamama wa likelemba, tunataka kuanza biashara, hatuleti msaada wala hatuandiki jina la mtu." Na kweli usiandike jina. Mambo ya nyumba ya mtu ni siri yake.

Kule Bujumbura, Buyenzi utasikilizwa kwa Kiswahili bila shida. Kwenye masoko mengine jifunze angalau kuuliza kwa Kirundi: "Ni amafaranga angahe?" Uliza bei kwa wauzaji wasiopungua watano. Usiwazuie wakati wana wateja wengi. Nenda mapema au saa za jua kali, nunua hata kitu kidogo, halafu omba shauri. Muuzaji wa siku nyingi ni mwalimu mkubwa.

Ndipo tulipoelezwa jambo ambalo watu wa ziwa wanalijua tangu utoto, lakini sisi wa milimani hatukulifikiria. Ndagala zinavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka sana taa haziwavuti vizuri, samaki wanapungua na bei inapanda. Kwa hiyo bei uliyoisikia wiki hii inaweza kuwa nyingine kabisa wiki mbili baadaye. Anayeuza ndagala lazima ahesabu siku za mbalamwezi.

KUHESABU KWA MACHO

Wamama waliokaa sokoni hawakuuliza mtu. Walichora mstari mmoja kwa kila mteja aliyesimama kwenye meza ya ndagala, na mstari mwingine kwa aliyenunua. Walihesabu meza 11 za ndagala katika soko letu dogo, na jioni meza kadhaa zilifungwa bado zimejaa. Kumbe bidhaa ilikuwa tayari nyingi kuliko wateja.

HESABU YA KWELI

Tulirudi darasani tukaandika ubaoni. Hizi ni namba za kujifunzia, si bei za leo. Tuseme mfuko ni 150.000 na unatoa makopo 80, kila kopo 3.000. Hesabu ya haraka inasema 240.000 toa 150.000, faida 90.000. Wote walipiga makofi.

Sasa tuweke vilivyosahauliwa. Nauli kwenda na kurudi 40.000, mzigo 10.000, chakula cha njiani 5.000. Gharama imefika 205.000. Makopo 8 ni mchanga na zilizovunjika, yanabaki 72, yaani 216.000. Faida ni 11.000 tu! Na wateja wanne tu wakichukua kopo moja moja kwa deni wasilipe, umepoteza 12.000, umeingia katika hasara. Darasa lilinyamaza.

Lakini majibu ya swali la nne yalileta jambo jingine. Familia nyingi zilisema zinakwenda mbali kutafuta mashati meupe na nguo za bulu za shule, au kushonesha zilizochanika. Katika likelemba wamama wawili wanajua kushona na mmoja ana cherehani. Kitambaa hakiozi, hakina mbalamwezi, na Septemba haikimbii. Waliamua watumie nusu ya pesa kununua kitambaa na uzi Buyenzi, na nusu nyingine ibaki kwenye sanduku. Hawatashona nguo nyingi mbele, watashona kwa yule aliyeweka kwanza sehemu ya malipo. Yule mama aliyekasirika ndiye aliyechaguliwa kutunza kaye ya hesabu.

Hatusemi wameshatajirika. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Lakini kama wangenunua ule mfuko, pesa yote ingekuwa juu ya meza ya kumi na mbili.

SI SISI PEKE YETU

Msifikiri utafiti ni wa wazungu wenye kompyuta. Mwaka 2018 shirika la IFC, ambalo ni la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti juu ya kambi ya Kakuma nchini Kenya. Watafiti waliuliza familia zinanunua nini na wapi, kama tulivyouliza sisi. Walikuta biashara zaidi ya 2.000, na matumizi ya watu wa Kakuma yalifika kama dola milioni 56 kwa mwaka. Makampuni yaliyokuwa yakiona kambi kama mahali pa msaada tu yalianza kuiona kama soko.

Na kule Uganda, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wakimbizi 21 kwa kila 100 katika Kampala walikuwa na biashara iliyoajiri watu wengine. Katika hao walioajiriwa, 40 kwa 100 walikuwa wenyeji wa Uganda. Mkimbizi si mzigo tu, anaweza kumpa kazi hata mwenyeji wake.

KABLA YA KUANZA

Sheria nayo ni sehemu ya utafiti. Uliza ofisi ya ONPRA juu ya hati za kutoka kambini, na uliza wakubwa wa soko juu ya ushuru na mahali pa kuuzia. Afadhali kuuliza mara tatu kuliko kunyang'anywa mzigo njiani.

Na mukiona majibu yanasema "biashara hii hapana", musihuzunike. Hapana iliyopatikana kwa nauli ya mtu mmoja ni nafuu kuliko hapana iliyokula likelemba nzima.

Ndugu wasomaji, kateni maswali yale matano muyabandike ukutani. Asiyejua kuandika amtumie mtoto wake wa darasa la tano, naye atajifunza hesabu hapo hapo. Wenye wazo la biashara waje kwenye darasa la watu wazima na kaye moja na biki moja. Tutakaa pamoja, tutauliza pamoja, na tutahesabu mpaka faranga ya mwisho. Mungu awalinde na familia zenu.